Sega ilipoacha kutengeneza mashine: mashabiki walibaki na nini?

Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2001, kampuni ya michezo ya video Sega, yenye makao yake Tokyo, Japani, ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza mashine yake ya Dreamcast kufikia mwisho wa mwezi wa tatu mwaka ule. Haikusema inafunga milango. Ilisema itaendelea kutunga michezo, ila michezo hiyo itachezwa kwenye mashine za kampuni nyingine, hata zile zilizokuwa wapinzani wake wakubwa. Kwa watu wa nje, hiyo ilikuwa habari ya biashara tu. Kwa mashabiki waliokua na Sega tangu utoto, ilikuwa kama kuambiwa kwamba timu yako haina tena uwanja wa nyumbani, na kuanzia sasa itacheza ugenini siku zote.

Wasikilizaji wengine watauliza: habari ya Japani inatuhusu nini sisi wa Kivu, wakati familia nyingi bado zinalala ndani ya mahema? Tuseme wazi kabisa: aliyepoteza nyumba, shamba na ndugu hawezi kulinganishwa na mtu aliyepoteza kitu cha kuchezea. Lakini watoto wetu wanacheza. Wanacheza mjini, katika vyumba vile ambamo kijana analipa franga kidogo kwa mechi moja. Wanacheza pia kambini, kwa mpira wa masashe yaliyofungwa kamba. Basi swali la mashabiki wa Sega si geni kwetu: kile kilichowakusanya watu kikiondolewa, ni nini kinachobaki mikononi mwao?

Kampuni ilitoka wapi

Jina Sega ni kifupi cha maneno mawili ya Kiingereza, Service Games. Mizizi yake iko Hawaii, kwa wafanyabiashara Wamarekani waliouza mashine za kuchezesha kwa sarafu katika kambi za jeshi la Marekani. Miaka ya 1950 biashara hiyo ikahamia Japani. Mwaka 1965 ikaungana na kampuni ya Mmarekani David Rosen, na ndipo Sega Enterprises ikazaliwa. Kwa hiyo Sega yenyewe ni mtoto wa kuhama: ilizaliwa na watu wa nchi moja, ikakomaa katika nchi nyingine.

Mashine yake ya kwanza ya nyumbani, SG-1000, ilitoka Japani tarehe 15 mwezi wa saba 1983. Siku ileile Nintendo nayo ikatoa Famicom. Nintendo ikashinda vibaya. Sega ilingoja hadi 1988 kutoa mashine yenye nguvu, Mega Drive, ambayo Marekani iliitwa Genesis. Mwaka 1991 ikaja na kinyago wa buluu mwenye mbio, Sonic. Hapo ushindani ukawa wa kweli. Shuleni, Marekani na Ulaya, watoto waligawanyika kambi mbili: wa Sonic na wa Mario. Ndugu zetu waliokulia Ufaransa na Ubelgiji miaka ile watakumbuka tangazo la televisheni lililosema "Sega, c'est plus fort que toi", yaani Sega ina nguvu kukushinda wewe. Mega Drive iliuzwa mashine karibu milioni 30 duniani.

Imani iliisha kabla ya pesa

Watu wengi husema Sega ilishindwa na PlayStation. Ni kweli nusu. Kabla ya kushindwa na mwingine, ilikuwa imewachosha watu wake yenyewe.

Mwisho wa 1994 iliuza Marekani kifaa cha kuongeza juu ya Mega Drive, kinachoitwa 32X. Mzazi aliyemnunulia mtoto wake kifaa hicho kwa Noeli aliamini kitadumu. Miezi michache baadaye, tarehe 11 mwezi wa tano 1995, Sega ikatangaza kwamba mashine mpya kabisa, Saturn, imekwisha kufika katika maduka kadhaa ya Marekani siku ileile. Ilikuwa imetangazwa kwa mwezi wa tisa. Maduka ambayo hayakupewa yalikasirika, na mengine yakakataa kuuza bidhaa za Sega. Watunzi wa michezo walikuwa bado hawajamaliza kazi, kwa hiyo mashine ilifika bila michezo ya kutosha. Bei yake ilikuwa dola 399. Siku hiyohiyo, Sony ikatangaza kwamba PlayStation itauzwa dola 299.

Wazee wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dreamcast ilipofika, nzuri kweli, watu wengi walikuwa wamekwisha kuumwa. Walikaa kando wakingoja kuona kama na hii itatupwa.

Dreamcast ilitoka Japani mwezi wa kumi na moja 1998, na Marekani tarehe 9 mwezi wa tisa 1999 kwa dola 199. Siku ile ya kwanza Marekani, mauzo yalikaribia dola milioni 100. Ndani yake kulikuwa na modemu, hivyo mtu aliweza kucheza na mwingine aliye mbali kwa njia ya simu. Wakati huo hiyo ilikuwa ajabu kwa mashine ya sebuleni. Lakini kampuni ya Electronic Arts, wenye mchezo wa FIFA, ilikataa kuitungia michezo. Vijana wetu wanaelewa maana yake: chumba cha kuchezea kisicho na FIFA kina wateja wangapi? Mwezi wa tatu 2000 Sony ikatoa PlayStation 2 huko Japani, iliyoweza pia kuonyesha filamu za DVD. Wanunuzi wengi wakaamua kuingoja hiyo.

Hadi mwisho, Dreamcast iliuzwa mashine milioni 9 na kidogo. Sega ilikuwa imekula hasara miaka mfululizo. Mkuu wake, mzee Isao Okawa, aliyekuwa tajiri, aliikopesha kampuni pesa zake mwenyewe. Kabla ya kufa mwezi wa tatu 2001, alisamehe madeni hayo na kuiachia kampuni hisa zake zenye thamani ya karibu dola milioni 700. Bila zawadi hiyo, pengine leo tungekuwa tunazungumzia kaburi.

Mwaka ule Kivu tulikuwa wapi

Miezi ileile ambapo wachezaji wa Tokyo na New York walikuwa wanapima Dreamcast na PlayStation 2, huku kwetu watu walikuwa wanaacha mashamba kukimbilia coltan. Katika mawe hayo mnatoka tantali, madini yanayotumiwa kutengeneza vipuri vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwisho wa 2000 bei ya tantali duniani ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache. RCD, iliyotawala Goma wakati ule, ikaipa kampuni moja tu, SOMIGL, ruhusa ya kuuza coltan nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na waliokuwa wameacha mihogo na maharagi wakabaki na mashimo.

Hatusemi kwamba Sega ndiyo iliyoleta vita. Tunasema tu kwamba vita vya mashine sebuleni na vita vya mashimo mlimani vilikutana katika jiwe moja, na kwamba wakati shabiki wa Ulaya alikuwa analia mashine yake, kuna mtu wa Masisi au Walikale ambaye hakuwahi kuiona mashine hiyo lakini alikuwa amechimba jiwe la aina ileile.

Kuna njia nyingine ambayo jina hilo lilitufikia: jezi za mpira. Kuanzia 1999 hadi 2002 Arsenal ya London ilivaa kifuani neno Dreamcast ikicheza nyumbani, na neno Sega ikicheza ugenini. Kanu wa Nigeria na Lauren wa Cameroun waliivaa. Thierry Henry aliivaa. Mwezi wa tano 2002 Arsenal ilichukua ubingwa wa Uingereza na Kombe la FA, ikiwa bado imebeba kifuani jina la mashine iliyokwisha kuachwa zaidi ya mwaka mmoja. Mashabiki wengi wa Afrika walishangilia neno hilo bila kujua ni kitu gani.

Wa kwanza: waliofuata mchezo kwa mpinzani

Sasa tuangalie mashabiki walifanya nini. Kundi la kwanza lilifuata michezo kule ilikoenda. Mwezi wa tano 2001 mchezo wa teksi wa Sega, Crazy Taxi, ukatoka kwenye PlayStation 2. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, Sonic akaonekana kwenye mashine za Nintendo. Kwa aliyekuwa amegombana na wenzake miaka kumi kwa ajili ya Sonic dhidi ya Mario, ilikuwa kama shabiki wa Lupopo wa Lubumbashi kumuona mchezaji wake mpendwa akiingia uwanjani na jezi ya Mazembe. Wengine waliapa hawatanunua. Wengi walinunua. Mwaka 2007 Sonic na Mario wakawekwa pamoja katika mchezo mmoja, wa Olimpiki ya Beijing, na watoto waliozaliwa baada ya ugomvi hawakuona ajabu yoyote.

Kundi hili liligundua jambo moja: walichokipenda hakikuwa sanduku la plastiki. Lakini lilipoteza kitu pia. Zamani, michezo ya Sega ilikaa pamoja, ukinunua mashine moja umeipata yote. Sasa ilitawanyika: huu kwa Sony, ule kwa Nintendo, mwingine kwa Xbox ya Microsoft. Aliyetaka yote alipaswa kununua mashine tatu. Mwenye pesa ya mashine moja alichagua, na sehemu ya kumbukumbu yake ikabaki katika nyumba asiyoweza kuingia.

Wa pili: waliobaki na mashine ya zamani

Kundi la pili lilikataa kuhama. Baada ya tangazo, bei ya Dreamcast Marekani ilishushwa hadi dola 99, na wengine ndipo wakainunua kwa mara ya kwanza. Waliitunza, wakajifunza kuifungua na kuitengeneza. Dreamcast ilikuwa na mlango wa siri uliowezesha kusoma diski za kawaida za CD. Mwaka 2000 mlango huo uliiumiza Sega, maana watu walinakili michezo bila kulipa. Baada ya 2001 mlango uleule ukawa msaada: watunzi wadogo, wasio na ruhusa ya kampuni yoyote, waliutumia kutengeneza michezo mipya. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na bado michezo mipya ya Dreamcast inatoka.

Mfano mzuri zaidi ni mchezo wa Phantasy Star Online, uliotoka mwisho wa 2000. Watu wa Japani, Marekani na Ulaya waliingia pamoja katika dunia moja na kupigana bega kwa bega. Kwa kuwa hawakuelewana lugha, mchezo uliwapa sentensi zilizo tayari: ukichagua moja, mwenzako anaisoma katika lugha yake, Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani au Kihispania. Baadaye kampuni ilizima seva zake. Kwa kawaida hapo mchezo wa namna hii unakufa. Lakini mashabiki walijifunza jinsi seva zile zilivyofanya kazi, wakaunda za kwao, na wakaendelea kukutana. Wengine walibuni hata kifaa kidogo kinachoidanganya modemu ya Dreamcast iamini kwamba bado inapiga simu ya zamani.

Brazili ilikuwa na hali yake tofauti. Kule kampuni ya nyumbani, Tectoy, ilipata ruhusa ya kutengeneza mashine za Sega ndani ya nchi, maana ushuru ulifanya mashine za nje kuwa ghali mno. Ilitafsiri michezo kwa Kireno na kubadili mingine iwe na mashujaa wanaojulikana na watoto wa Brazili. Kwa hiyo Master System, ambayo Japani iliisahau zamani, iliendelea kuuzwa huko miongo kadhaa. Mbrazili wa 2001 hakuwa na haraka ya kulia, kwa sababu kitu kilikuwa kimekwisha kuwa chake, kwa lugha yake, kutoka kiwanda chake.

Wa tatu: waliongoja na kudai

Kundi la tatu lilikuwa la wale walioachwa katikati ya hadithi. Mtunzi Yu Suzuki alikuwa ameanza mchezo mrefu, Shenmue, wa kijana anayemtafuta muuaji wa baba yake. Sehemu ya kwanza ilitoka 1999, ya pili 2001. Wamarekani hawakuipata sehemu ya pili kwenye Dreamcast. Iliwafikia mwaka 2002 kwenye Xbox. Kisha kimya. Hadithi ilikatika kijana akiwa bado safarini.

Mashabiki waliandika barua, waliuliza kila mwaka, walichekwa. Mwezi wa sita 2015 Suzuki alipanda jukwaani Marekani na kuomba watu wachange ili aandike sehemu ya tatu. Jukwaa lenyewe lilikuwa la Sony, mshindani aliyeiangusha Dreamcast. Dola milioni 2 alizoomba zilipatikana kwa muda usiofika siku moja. Mwishoni watu zaidi ya 69,000 walikuwa wamechanga zaidi ya dola milioni 6. Mchezo ukatoka mwezi wa kumi na moja 2019. Kuna walioufurahia na kuna waliosema ni wa kizamani. Lakini miaka 18 ya kungoja haikuwa ya bure, na walioilipia ni wao wenyewe.

Wa nne: mashabiki waliogeuka mafundi

Kundi la nne lilichukua jembe. Kijana wa Australia, Christian Whitehead, alikuwa shabiki wa Sonic aliyejitungia programu yake ya kuendesha michezo ya zamani. Alipoionyesha Sega, haikumfukuza, ilimpa kazi. Mwaka 2017 yeye na mashabiki wenzake walitoa Sonic Mania pamoja na Sega, na wachezaji wengi waliuona kuwa mmoja wa michezo bora ya Sonic kwa miaka mingi.

Si wote waliopokelewa hivyo. Kundi jingine la mashabiki lilifanya kazi miaka minane kuunda upya mchezo wa ngumi, Streets of Rage. Walipoutoa mwezi wa nne 2011, Sega ikaomba uondolewe baada ya siku chache tu. Kwa hiyo tusipambe hadithi. Sheria iliendelea kuwa upande wa kampuni. Shabiki anaweza kuwa fundi, lakini ufunguo wa mlango hauko mfukoni mwake.

Hata hivyo sauti yao ilikua. Mwezi wa nne 2019, filamu ya Sonic ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tangazo, mashabiki walikataa sura aliyopewa. Watengenezaji walirudi kumchora upya, na filamu ikasogezwa hadi mwezi wa pili 2020.

Kampuni ilipona vipi, na sisi tunachukua nini

Sega yenyewe iliungana na kampuni ya Sammy mwaka 2004. Mwaka 2006 ilinunua Sports Interactive ya London, wenye mchezo wa Football Manager. Hivyo kijana anayepanga timu yake leo kwenye kompyuta anacheza kitu cha Sega, hata kama hajawahi kusikia neno Dreamcast. Kuacha mashine kuliikata mguu mmoja, lakini kuliiokoa roho.

Kwa upande wa mashabiki, yaliyodumu ni yale waliyoweza kubeba bila kampuni: diski mkononi, ujuzi wa kutengeneza, urafiki, kanuni za mchezo walizozijua kwa kichwa. Yaliyopotea haraka zaidi ni yale yaliyokaa kwenye seva ya mtu mwingine. Hilo ni onyo kwa vijana wetu wa leo, maana michezo mingi sasa inanunuliwa kwa intaneti tu, bila diski. Siku mwenye seva akizima, uliyemlipa hakudai chochote. Anayefungua chumba cha kuchezea na aulize kwanza: je, mchezo huu utafunguka bila mtandao?

Na kwa familia zilizohama, tunawaambia wazazi jambo moja dogo. Mtoto aliyeacha kijiji ameacha pia michezo ya kijiji: nyimbo za kuruka kamba, vitendawili vya usiku, michezo ya mawe iliyochorwa chini. Hakuna kampuni iliyoitengeneza, kwa hiyo hakuna kampuni itakayoirudisha. Inakaa kwa watu wazima wanaoikumbuka. Jioni moja, hata ndani ya hema, mwiteni mtoto mumfundishe kanuni zake, kwa lugha ya nyumbani. Mashabiki wa Sega walikuwa na kampuni ya kuidai. Sisi, michezo ile, tunadaiana wenyewe kwa wenyewe.